Anayeacha Ugali Asiachwe Peke Yake

Huenda nyumbani kwako yupo mtu aliyetoka kliniki juzi akiwa ameambiwa apunguze wanga. Huenda ni baba aliyepimwa akakutwa na kisukari aina ya pili, huenda ni dada ambaye uzito unamuumiza magoti, huenda ni wewe uliyeamua kuanza mlo wa keto. Nakuandikia kuomba jambo moja: mtu huyo asiachwe apambane na sahani yake peke yake. Sisi tunaopika, tunaouza chakula na tunaoalika watu kwenye shughuli ndio tunaoamua, pengine kuliko yeye mwenyewe, kama atafika mwisho wa mwezi akiwa bado anaufuata mlo wake.

Mlo wa keto ni ulaji wa wanga kidogo sana, protini ya kiasi na mafuta ya kutosha. Kwa kawaida wanga hushushwa hadi kati ya gramu 20 na 50 kwa siku. Ukishuka hivyo, ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na mwili pamoja na ubongo hutumia ketoni hizo kama nishati. Wengi wameusikia mlo huu kwa mara ya kwanza kwenye simu zao, lakini una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic nchini Marekani aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo zipo hospitali zinazoutumia kwa watoto ambao kifafa chao hakitulizwi na dawa. Kuhusu kisukari, Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya wataalamu wa lishe mwaka 2019 ikieleza kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari kwenye damu.

Sasa tuweke gramu hizo 50 kando ya chakula chetu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga unaozidi gramu 70. Gramu 100 za wali uliokwisha kuiva zina karibu gramu 28, na sahani iliyojaa hubeba kwa urahisi gramu 300 za wali. Muhogo una karibu gramu 38 katika kila gramu 100. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na kila kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Mlo mmoja wa mchana unatosha kumaliza kiasi cha siku nzima na kukipita.

Ndiyo maana wengi huanza na kuacha. Tafiti zilizolinganisha milo ya wanga kidogo na milo mingine zimeonyesha mara nyingi kwamba manufaa huwa makubwa katika miezi ya kwanza, kisha tofauti hupungua kadiri mwaka unavyokwenda, kwa sababu watu hurudi polepole kwenye chakula chao cha zamani. Wanarudi kwa sababu sufuria ya nyumbani haikubadilika, kibanda cha jirani hakikubadilika, na kwenye harusi aliyekataa wali aliulizwa na meza nzima anaumwa nini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tuingie jikoni pamoja, tuone kipi kinakaa mahali pa kipi.

Tuanze na chai

Chai ndiyo pahali pepesi pa kuanzia kwa sababu tunainywa kila siku na sukari yake haishibishi. Anayeweka vijiko viwili, ashushe hadi kimoja, kisha nusu, kisha aache. Katika wiki hizo mwongezee ladha nyingine: tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini, karafuu moja. Ulimi huzoea. Asiyeweza kabisa kunywa chai bila utamu atumie stevia kidogo, mmea ambao siku hizi hulimwa pia Kenya. Asali, sukari guru na sukari ya kahawia zisihesabiwe kuwa mbadala, maana zikishafika kwenye damu zote ni sukari.

Maziwa nayo yana sukari yake ya asili: kikombe cha mililita 250 kina karibu gramu 12 za wanga. Anayependa chai ya maziwa apike chai ya rangi, kisha atie malai kidogo au kijiko cha tui zito. Mahali pa soda na juisi weka maji baridi yenye ndimu, vipande vya tango na majani ya mnanaa. Dafu ni zuri kuliko soda, lakini lina sukari, na wiki za mwanzo linywewe kwa nadra.

Mahali pa wali na ugali

Koliflawa ndiyo mbadala unaotajwa sana wa wali, nayo inastahili. Ina wanga wa karibu gramu 5 tu katika gramu 100. Ikwaruze kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, uikamue maji kwa kitambaa safi, kisha uikaange dakika chache kwenye samli iliyokwisha kuungwa vitunguu na bizari ya pilau. Ukitaka wali wa nazi, mimina tui zito kidogo na chumvi, uache likaukie. Usiichemshe kwa maji mengi, itakuwa uji.

Koliflawa hustawi kwenye nyanda za baridi kama Lushoto, na ikifika mjini bei yake huwa haimfai kila mtu. Kabichi inafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu zaidi. Ikate nyembamba kama nyuzi, ikaange haraka kwenye moto mkali ili isitoe maji, na iweke chini ya mchuzi pale ambapo wali ungekaa. Gramu 100 za kabichi zina wanga wa karibu gramu 6 tu, na sehemu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari.

Ugali ni mgumu zaidi kuigiza. Wapo wanaosonga koliflawa iliyopondwa pamoja na unga wa nazi na yai, na ukikazana unapata tonge. Lakini ushauri wangu ni kuangalia ugali hutufanyia nini: hubeba mchuzi na hujaza tumbo. Kazi ya kwanza ifanywe na mchuzi mzito, na ya pili ifanywe na mboga nyingi. Pakua kisamvu cha nazi mara mbili ya kawaida. Pakua mlenda, matembele, mnavu, mgagani, sukuma wiki au mchicha wa karanga hadi sahani ijae, kisha weka juu samaki, kuku, maini au dagaa. Asiyeweza kula bila kushika kitu mkononi atumie jani la kabichi lililopitishwa kwenye maji ya moto. Linakunjika vizuri na kuchota mchuzi.

Hapa niseme neno kuhusu dona na ulezi. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na anayeendelea kula ugali nashauri ale wa dona, tena kidogo. Lakini dona ni mahindi, na wanga wake ni mwingi. Kumwambia mgonjwa kwamba ugali wa dona au uji wa ulezi haupandishi sukari ni kumpotosha kwa nia njema.

Machicha tunayoyamwaga

Maduka makubwa huuza unga wa mlozi na unga wa nazi kwa bei inayomfanya mtu wa kawaida aamini kwamba keto ni ya matajiri. Na huku Pwani kila siku tunakuna nazi, tunakamua tui, kisha machicha tunawapa kuku. Unga wa nazi unaouzwa dukani hutokana na nyama ya nazi iliyokaushwa baada ya kutolewa sehemu ya mafuta yake, na machicha ni ndugu yake wa karibu.

Yatumie yakiwa mabichi bado, siku ileile. Yakamue hadi yasitoe tone, yatandaze membamba kwenye sinia, uyaanike kwenye jua kali au uyakaushe kwenye ovena yenye moto mdogo. Yakikauka hadi kuchakarika mkononi, yasage kwa blenda, uyapepete, uyahifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Yakibaki na unyevu yatachacha, kwa hiyo usiharakishe hatua ya kukausha.

Unga huu usiupime kama ngano, kwani hunyonya maji mengi. Kwa robo kikombe cha unga, piga mayai mawili au matatu, tia chumvi, kijiko cha samli na maji kidogo hadi upate rojo. Acha dakika tano linywee. Paka kikaango mafuta, mimina rojo, sambaza, funika, pika kwa moto mdogo, kisha geuza kwa uangalifu kwa sababu halina ute wa ngano unaoshikamanisha. Hiyo ndiyo chapati ya mwenye keto. Asiyekuwa na nazi apige mayai mawili, ayakaange membamba na mapana, aweke katikati mchicha na nyama ya kusaga, akunje. Kwa samaki wa kukaanga, unga huohuo wa machicha unachukua nafasi ya ngano ya kupakia.

Mchuzi unaotiwa ngano ili uwe mzito utiwe karanga zilizosagwa, ufuta uliosagwa au tui la kwanza. Hapo wapishi wa Pwani hawana la kufundishwa: samaki wa kupaka na pweza wa nazi vimekuwa vya wanga kidogo tangu zamani. Kilichokuwa kikiongeza wanga ni kile tulichokula navyo.

Chipsi, vitafunwa na matunda

Chipsi mayai ni chakula cha vijana wa mjini, na muuzaji anaweza kukibadilisha bila kununua kifaa kipya. Mahali pa viazi aweke kabichi, hoho, uyoga au biringanya iliyokatwa na kukaangwa kwanza, kisha amimine mayai yaleyale, na kachumbari ileile ikae pembeni. Nyumbani, figili nyeupe ikichemshwa kidogo kabla ya kukaangwa hupoteza ukali na kukaribia kiazi. Mumunye nalo hufaa kwenye supu mahali pa viazi na ndizi.

Kwa aliyezoea kutafuna kitu saa nne asubuhi, maandazi na vitumbua viachie nafasi yai la kuchemsha, vipande vya nazi mbichi au karanga za kukaanga. Tuwe waangalifu na korosho. Watu wa Mtwara na Lindi watanisamehe, lakini gramu 100 za korosho zina wanga wa karibu gramu 30, wakati karanga zina karibu 16 na nusu yake ni nyuzinyuzi. Korosho ziliwe konzi moja, ziwekwe mbali. Makadamia, ambazo Kenya ni mmoja wa wazalishaji wake wakubwa duniani, zina wanga mdogo na mafuta mengi, na zinafaa kuliko zote hizo kwa anayezimudu.

Upande wa matunda, ndizi mbivu, embe na nanasi vina sukari nyingi kwa anayeanza keto. Parachichi ndilo tunda lake. Katika gramu 100 lina wanga wa karibu gramu 9, na takriban 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Njombe, Rungwe na Murang'a wanalilima kwa wingi. Likatwe nusu na kutiwa chumvi na ndimu, liwekwe mahali pa viazi kwenye sahani, au lipondwe liwe siagi ya kupaka kwenye chapati ya mayai.

Maharage, kunde na choroko vina wanga mwingi kwa mtu wa keto, ingawa ni chakula chema kwa wengine nyumbani. Ukivitoa, usimwachie mtu pengo la protini. Dagaa na mayai ni protini nafuu, na havina wanga wa kutajwa.

Kuhusu mafuta, ruhusa ya kula mafuta isigeuke ruhusa ya kukaanga kila kitu. Samli, mafuta ya nazi na mawese yana mafuta mgando mengi, na kwa baadhi ya watu hupandisha kolesteroli mbaya. Yatumike kwa kiasi, na sehemu kubwa ya mafuta itokane na parachichi, karanga, ufuta na samaki. Kolesteroli ipimwe kabla ya kuanza, na tena baada ya miezi michache.

Kabla ya sahani ya kwanza

Nawasihi msiiruke sehemu hii. Anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi akipunguza wanga ghafla bila dozi yake kuangaliwa, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini yumo katika hatari ya ketoni kurundikana na kuifanya damu kuwa na tindikali, hata kipimo cha sukari kisipoonyesha kiwango kikubwa sana. Mwenye kisukari aina ya kwanza ana hatari hiyohiyo. Anayetumia dawa za shinikizo la damu huenda akahitaji dozi kupunguzwa. Wote hawa waonane na daktari kwanza, na yeyote asiache dawa kwa sababu jirani yake aliacha akapona.

Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo, ini au kongosho, na watu waliowahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula au kula kupita kiasi, mlo huu usiwe uamuzi wao wa nyumbani. Watoto wasianzishiwe isipokuwa hospitali imeagiza.

Kwa mwenye afya ya kuanza, siku za mwanzo huja na kichwa kuuma, uchovu, kizunguzungu au choo kigumu, kwa sababu mwili humwaga maji na chumvi wanga unapopungua. Maji ya kutosha, supu ya mifupa yenye chumvi na mboga nyingi za majani husaidia; mwenye presha au tatizo la figo aulize kwanza kiasi cha chumvi. Na asiyeweza kufika kwenye keto kamili asijione ameshindwa. Aliyeacha sukari kwenye chai na kupunguza wali nusu ameutoa wanga mwingi kwenye siku yake, na hiyo ni faida ya kweli.

Wito wangu

Kwako unayepika nyumbani: huhitaji sufuria mbili. Pika mboga moja, nzuri na nyingi, na uweke ugali au wali pembeni kwa wanaouhitaji, wakiwemo watoto. Aliye kwenye mlo apakuliwe mboga mara mbili, tena kwenye sahani ya kawaida, na ale mezani pamoja na wengine. Usimtengee chakula cha mgonjwa.

Kwako mama lishe, na kwako mwenye kibanda: tangaza sahani ya wanga kidogo. Fedha ya mchele usioupakua inunue fungu la mchicha na yai moja, na bei ibaki ileile. Wateja wenye kisukari wako tayari wanapita mbele yako kila mchana. Wengine wanakula kwako huku wakijua kinawaumiza, kwa kuwa hawana kingine cha kuagiza.

Kwenu mnaoandaa harusi, hitima na futari: kando ya pilau iwepo nyama, kachumbari na mboga ya kutosha kumshibisha mtu bila wali. Kando ya magimbi, kaimati na tambi za futari iwepo supu, samaki na mayai. Mpakuaji aambiwe mapema kwamba anayesema "bila wali" apakuliwe na asiulizwe. Kukataa wali kusihesabiwe kumkataa mwenyeji.

Kwenu viongozi wa ofisi na shule mnaoagiza chai ya saa nne: pamoja na maandazi, agizeni mayai ya kuchemsha na karanga, na sukari iwekwe mezani badala ya kupikwa ndani ya chai.

Kwenu wauguzi na maafisa lishe: tunawashukuru kwa kazi mnayoifanya kwenye foleni ndefu. Nawaomba mgonjwa asiondoke na agizo la "punguza wanga" pekee. Muulizeni alikula nini jana, kisha mpeni mabadiliko mawili yanayopatikana kwenye soko la mtaani kwake. Mkiweza, mwiteni pamoja na mtu anayempikia.

Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, iliyowekwa siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini. Siku hiyo huwa na maandamano, fulana na vipimo vya bure. Naomba mwaka huu iwe pia na majiko. Misikiti, makanisa, vikundi vya kina mama na vyama vya ushirika vikikubali kupika sufuria moja ya kisamvu bila ugali, kukaanga sinia moja ya chapati za machicha na kuwaonjesha majirani, watu wengi wataondoka wakijua namna ya kufanya, na ujuzi huo wataupeleka kwenye majiko yao.

Lakini usingoje Novemba. Leo jioni muulize yule wa nyumbani kwako ni badiliko gani moja analitaka kwanza, chai, wali au chapati, kisha mlipike pamoja wiki hii, na ninyi wote mle.